Jina Kwenye Skrini

Mashuuru,
1 Septemba 2025

Mwalimu Githongo,

Nakusalimu kwa heshima. Hunijui kwa uso. Mimi ni Soipan, ninafundisha chekechea hapa Mashuuru. Wewe ulimfundisha bwana yangu hesabu huko Kajiado, na mwaka wa 2019 ukamwekea kompyuta ambayo iko hapa mbele yangu. Ubavuni mwa sanduku lake kuna karatasi aliyoibandika mwenyewe: "Ikikwama, mwandikie Mwal. Githongo, Kitengela. Usimpigie simu, hasikii." Sasa imekwama, na yeye hayupo, ndiyo naandika mimi.

Shida ni hii. Tangu ranchi igawanywe, jirani mpya amezungusha seng'enge juu ya njia ya ng'ombe inayoenda kisima cha Enkusero. Mifugo wetu wanazunguka kilomita kumi na moja kufikia maji. Huyo jirani anasema hapo hapakuwa na njia. Wazee walioijua tangu utoto wao, bwana yangu aliwarekodi mmoja mmoja, wazee kumi na wawili. Wamebaki wawili, na mmoja wao hatambui tena hata watoto wake. Kwa hivyo ushahidi wote uko ndani ya mashine hii.

Kikao ni Kajiado, tarehe 19 Novemba. Kamati inataka rekodi zitumwe mapema kupitia ukurasa wao wa mtandao, na ukurasa unakataa kufunguka hapa. Unasema mfumo wa kompyuta ni wa zamani. Mwalimu mwenzangu aliniambia, "Wewe futa yote uweke mpya, ni kazi ya saa moja." Hilo neno "futa yote" lilinikausha mate.

Niko na swali moja. Inawezekana kubadilisha mfumo na vitu vyote vibaki mahali pake?

Anayekuletea barua hii ni Florence, mwenye duka la leso hapa sokoni. Huja Kitengela kila Jumanne kununua mali.

Ni mimi,
Soipan


Kitengela,
8 Septemba 2025

Binti yangu Soipan,

Sopa, kama mnavyosalimiana nyinyi Wamaasai. Umefanya vyema kuandika. Watu huniona mshamba nikisema maelekezo ya kompyuta yaje kwa karatasi, lakini karatasi hulala kando ya kibodi ikakungoja, haizimiki, wala haipotei unapoizima na kuiwasha mashine.

Jibu la swali lako ni ndiyo. Acha nieleze, maana ukijua sababu hutaogopa hatua. Mfumo ni kama paa la nyumba. Faili zenu ni vyombo vilivyomo ndani. Huyo mwalimu mwenzako anataka mbomoe nyumba, mjenge nyingine, kisha mtafute vyombo kwenye kifusi. Mimi nataka tuezeke upya watu wakiwa ndani, kila kikombe kikiwa kwenye ndoano yake.

Nimekutumia mfumo mpya kwenye flashi nyeusi iliyo ndani ya bahasha hii, ili usihangaike na mtandao wa huko. Anza asubuhi siku ya jua kali, betri za sola zikiwa zimejaa, kwa sababu kazi itachukua saa tatu au nne na umeme usikatike katikati. Kabla ya yote, mwambie bwana yako Tajeu afanye nakala ya akiba na autoe ufunguo, kama nilivyomfundisha. Hilo sitalieleza, yeye analijua kuliko mimi. Baada ya hapo, angalia kama diski ina nafasi ya kutosha. Isipungue gigabaiti thelathini. Baada ya hapo, chomeka flashi, ifungue ukiwa ndani ya kompyuta yenyewe kama kawaida, usiizime ukaiwashia kwenye flashi, na ubonyeze faili ya kuanzisha. Itakuuliza ubaki na nini. Hapo ndipo watu wengi huharibu. Kuna machaguo matatu. Chagua lile linalosema ubaki na faili zako na programu zako zote. Kama chaguo hilo limefifia na halibonyezeki, simama hapo hapo, zima, uniandikie. Baada ya hapo itajizima na kujiwasha mara nne au tano. Usiiguse. Pika chai.

Usiilete hapa Kitengela. Diski ya umri huo haipendi barabara ya Mashuuru. Mimi nami goti haliniruhusu kuja.

Msalimie Tajeu. Mwambie mwalimu wake ana kinyongo naye. Kila Krismasi alikuwa akiniandikia, na ya mwisho haikuja. Labda ilikuja nikaikosa, kwani mwaka jana wote hadi Julai hii nilikuwa Nyahururu kwa binti yangu Nduta, kwa ajili ya upasuaji wa macho, na habari za Kajiado hazikunifikia. Hata hivyo, mwambie.

Mwalimu wako,
Githongo


Mashuuru,
29 Septemba 2025

Mwalimu,

Florence aliponipa bahasha yako alisema, "Huyo mzee wako ameandika barua ama amekuandikia kitabu?" Nikamwambia kitabu kama hicho sijawahi kupata.

Nilifuata kila neno. Jumamosi ya tarehe 13, jua kali. Chaguo la kubaki na kila kitu lilikuwa wazi, nikalibonyeza. Ilijizima mara tano kama ulivyosema. Nilipika chai mara mbili. Ilipoamka, kila kitu kilikuwa mahali pake: picha ya ng'ombe inayojaza skrini, herufi kubwa alizoweka kwa sababu ya macho yangu, printa, hata ile saa ya pembeni. Rekodi nilizifungua tatu, zikafunguka. Nilishukuru Mungu na nilikushukuru wewe.

Lakini nimeharibu, Mwalimu, na lazima nikueleze yote, hata yale niliyoficha.

Mfumo mpya ukiwaka unaandika jina la mwenye kompyuta katikati ya skrini, kubwa, chini ya picha yake. Ule wa zamani ulikuwa unaandika kidogo pembeni, hakuna aliyeliona. Mtoto wangu wa gredi ya pili amejua kusoma mwaka huu. Alisimama mbele ya kompyuta akasoma kwa sauti, silabi moja moja, jina la baba yake. Mama mkwe wangu, tunamwita Yeyo, alikuwa ameketi hapo mlangoni na shanga zake. Alijifunika uso kwa shuka. Siku hiyo hakula.

Mwalimu, hapa kwetu aliyetutoka hatumtaji jina tena. Vijana wengi hawaishiki hiyo desturi, na kanisani jina lilisomwa, lakini Yeyo anaishika, na mimi naishika kwa sababu yake. Nilipoandika kwamba hayupo, nilidhani umeelewa. Alituacha mwezi wa Februari. Alikuwa mgonjwa siku nne tu. Barua yako iliponiambia nimwambie hili na lile, nilishindwa kukusahihisha. Kukusahihisha kungekuwa kuliandika. Nilimsomea Yeyo ile barua nikiruka kila mahali ulipomtaja. Na ile hatua ya nakala na ufunguo niliiruka pia, nikaona ni mambo yenu wawili.

Sasa sikia nilichofanya. Ili jina lisionekane tena, niliingia kwenye mipangilio nikatengeneza akaunti mpya ya jina langu, nikafuta ile yake. Mashine iliniuliza kama nataka kubaki na faili. Nikasema ndiyo. Faili zipo, naziona, majina ya wazee wote kumi na wawili yamepangwa kama alivyoyapanga. Lakini nikibonyeza yoyote inaandika kwamba sina ruhusa. Nimejaribu siku tisa.

Zimebaki wiki saba kufika kikao. Nimeweka jina kando ili Yeyo apate amani, na nimefunga midomo ya wazee wote.

Soipan


Kitengela,
6 Oktoba 2025

Binti yangu,

Florence aliniletea barua yako Jumanne, nikaisoma amesimama mlangoni. Aliniuliza kama kuna jibu nikamwambia aje wiki ijayo. Nilihitaji wiki.

Pole. Pole sana, wewe, mtoto na Yeyo. Sitaliandika jina hapa. Nilimfundisha kijana huyo miaka minne, na alikuwa yeye pekee darasani aliyekuwa akirudi baada ya kengele kuniuliza kwa nini, wakati wengine waliuliza jibu tu. Na mimi nilikuagiza umwambie nina kinyongo naye. Nimelisoma neno hilo tena kwenye nakala ninayoweka ya kila barua. Sina namna ya kulifuta.

Sisi Wakikuyu tunafanya kinyume chenu. Jina la babu tunampa mjukuu, tunaliita mchana kutwa, "Githongo njoo, Githongo acha hiyo," ili mzee asipotee. Nyinyi mnalinyamazia. Nimefikiri wiki nzima nikaona kwamba sote tunaogopa kitu kimoja, kwamba jina litumike ovyo, mwenyewe akiwa hawezi kuitika. Kwa hivyo usijilaumu kwa kumheshimu Yeyo.

Kosa kubwa ni langu. Maisha yangu yote nimeeleza hata yasiyohitaji kuelezwa, na hatua moja iliyokuwa na maana ndiyo niliyosema sitaieleza. Basi nieleze sasa.

Mwaka ule wa 2019 wazee walikubali kurekodiwa kwa sharti moja, kwamba maneno yao yasisikiwe na yeyote mpaka siku ya haja. Kuna watu waliokuwa wameanza kuuliza nani amesema nini. Kwa hivyo tuliifunga folda hiyo kwa kufuli la ndani ya mfumo. Kufuli hilo halionekani, kwa sababu ufunguo wake hukaa ndani ya akaunti ya mwenyewe. Akiingia yeye, folda hufunguka bila kuuliza, ndiyo maana na wewe ulipokuwa ukiingia kwa akaunti yake hukuona lolote. Kubadilisha mfumo hakukuondoa ufunguo. Kufuta akaunti kuliuondoa. Mashine ilibaki na faili kama ulivyoiomba, lakini haikubaki na ufunguo, na haikukuambia.

Usifute kitu kingine chochote. Usirudishe mfumo wa zamani, usisakinishe programu yoyote inayodai inafungua faili. Faili hazijaharibika. Zimefungwa tu.

Upo ufunguo wa akiba. Tulipoifunga folda, mashine ilitutengenezea faili ndogo, tukaiweka kwenye flashi nyekundu, fupi kama kifundo cha kidole. Faili hiyo nayo ina neno lake la siri. Nilimwambia ufunguo na neno visilale nyumba moja. Akaondoka na flashi, na neno akaliandika kwenye karatasi, akaitia kwenye bahasha, akasaini juu ya gundi, akaniachia. Nimeitazama leo asubuhi. Iko ndani ya kamusi, saini haijapasuka. Sijawahi kujua kilichoandikwa humo.

Mimi niko na nusu yangu. Tafuta flashi nyekundu.

Mwalimu wako,
Githongo


Mashuuru,
20 Oktoba 2025

Mwalimu,

Nimetafuta wiki mbili. Nilipekua masanduku, koti lake, mfuko wa dawa za mifugo, droo za ofisi ya chama cha maji alikokuwa katibu. Nilimwuliza shemeji yangu Nelson aliyechukua pikipiki. Akasema, "Shemeji, pikipiki ilikuja na pampu na spana tu. Ungenipa flashi ningekuwa nimejaza miziki."

Jana nilipokuwa nikimwosha Yeyo miguu ndipo nilipojua. Shingoni, chini ya shanga zote za kila siku, amevaa uzi mweusi, na mwisho wa uzi kuna kitu kifupi kimefunikwa kwa shanga, nyeupe, nyekundu na buluu. Nimekiona tangu Februari nikidhani ni dawa ya kienyeji anayoificha ili mchungaji wa kanisa asiione. Ni kifupi kama kifundo cha kidole, Mwalimu. Nikakumbuka kwamba mwenyewe alimwomba mama yake amfumie kifuniko cha kitu fulani, kisipotee mfukoni. Nilimsikia Yeyo akimcheka siku hiyo: "Wanaume wengine wanafumiwa shanga za fimbo, wewe unafumiwa za kidude."

Tulipogawa vitu vyake, fimbo ilienda kwa Nelson, kigoda kwa mdogo wao. Hicho hakuna aliyekidai. Yeyo alikichukua bila mtu kuona.

Siwezi kumwomba. Kwanza lazima niseme ni cha nani. Halafu mimi ndiye niliyefuta. Yeye hajui kama rekodi zimefungika. Anaona mwanga wa skrini anadhani yote ni mazima. Akiuliza nani amefunga, nitasema nini?

Nakuomba uandike wewe. Wewe ni mzee mwenzake. Nitamsomea kwa Kimaa.

Imebaki mwezi mmoja.

Soipan


Kitengela,
27 Oktoba 2025

Kwa Yeyo, mama wa mwanafunzi wangu,

Takwenya, nakusalimu kwa lugha yenu.

Mimi ni Githongo, mzee wa miaka sabini na minne, niliyekuwa mwalimu Kajiado. Masikio yangu yamechoka na goti pia, la sivyo ningekaa mbele yako badala ya kutuma karatasi. Anayekusomea ni mke wa mwanao. Nimemwomba asiruke neno, kwa hivyo kila utakachosikia ni changu.

Mwanao alikuja kwangu na kazi. Wazee wenu walikuwa wamempa maneno kuhusu njia ya Enkusero, naye akataka maneno hayo yafungwe mpaka yatakapohitajika. Tuliyafunga pamoja. Tukatengeneza ufunguo. Ufunguo huo ndio uliofumia shanga.

Yamefungika sasa, na hayawezi kufunguka bila huo. Nataka ujue yamefungikaje. Mimi nilitoa maelekezo kwa barua, na katika maelekezo hayo niliacha jambo moja bila kulieleza. Mke wa mwanao aliona jina likisomwa nyumbani mwako, akaona umejifunika uso, akaliondoa. Hakujua kwamba ufunguo wa ndani ulikuwa umefungwa kwenye jina hilo. Alifanya hivyo kwa ajili yako, na kwa sababu mimi sikumwonya.

Siombi ukitoe shingoni kikae mbali nawe. Kitu hicho hakiliwi wala hakiishi. Kitachomekwa kwenye mashine kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, kisha kitarudi kwenye uzi wake. Shanga zinaweza kuvutwa nyuma bila kukatwa, kama ulizifuma kuanzia upande wa pete ya kupitishia uzi.

Ndani ya barua hii kuna bahasha ndogo. Mwanao aliifunga kwa mkono wake mbele yangu miaka sita iliyopita, na saini iliyo juu ni yake. Mimi niliilinda lakini si yangu. Nakuletea wewe uifungue. Ukiona vyema ibaki imefungwa, nitakubali, na Soipan naye hatakuuliza tena.

Kwa heshima,
Githongo


Mashuuru,
3 Novemba 2025

Mwalimu,

Nilimsomea siku ya Ijumaa, mbele ya mlango. Nilifika pale uliposema nililiondoa kwa ajili yake, nikanyamaza. Akasema, "Soma. Mzee amesema usiruke." Nikasoma mpaka mwisho.

Mbuzi walirudi, akawahesabu kwa macho kama kawaida yake. Kisha akaniuliza, "Ulijua mimi nilikivaa?" Nikasema nilijua siku kumi na mbili zilizopita. "Na hukuniuliza." Nikasema sikuweza. Akasema, "Na mimi niliona hulali, sikukuuliza. Tumekaa hapa wawili kama wageni kwa mganga." Mwalimu, tulicheka, halafu tukalia. Ndiyo mara yetu ya kwanza kulia pamoja. Wakati wa mazishi kila mmoja alilia upande wake.

Akavua uzi. Zile shanga alizivuta nyuma kwa ukucha, na kweli alikuwa amezifuma kuanzia upande wa pete. "Huyo Mkikuyu wako amejuaje?" Nikamwambia ni mwalimu wa hesabu.

Bahasha aliipasua yeye, akanipa karatasi bila kuitazama, maana hasomi. Nilichomeka flashi nyekundu. Kulikuwa na faili moja tu. Nilibonyeza mara mbili, ikauliza neno la siri, nikaandika lililo kwenye karatasi, herufi ndogo zote bila nafasi, na mwaka aliomaliza shule.

Nakuandikia neno hilo kwa sababu sasa limemaliza kazi yake. Ni "baadayahapo". Chini yake ameandika kwa kalamu: "Hilo ndilo jina tulilokuwa tukimwita Mwalimu darasani. Hajui. Asiambiwe."

Samahani, nimekuambia.

Folda ilifunguka. Rekodi zote kumi na mbili. Nilizinakili kwenye diski ya nje niliyoazima shuleni, halafu nyingine kwenye simu ya Nelson, na leo nimezituma kwa kamati. Ukurasa umefunguka bila shida na nimepata namba ya kupokelewa.

Sikuzicheza. Nilipotaka kujaribu moja Yeyo alinishika mkono. "Maneno ya wazee ni ya siku ya kikao," akasema. "Na sauti nyingine iliyomo humo isije ikaniambia habari jikoni." Uzi uko shingoni mwake tena.

Soipan


Kitengela,
10 Novemba 2025

Binti yangu,

Nilijua. Mwalimu gani hajui anavyoitwa? Nililisikia miaka ile masikio yakiwa mazima, kutoka dirisha la bweni, na niliendelea kulisema neno lile makusudi, kwa kuwa liliwafurahisha. Lakini sikujua kwamba alilichagua yeye liwe neno la siri, siku ile, mimi nikiwa nimempa kisogo ili nisione.

Nendeni kikao kwa moyo mtulivu. Beba diski, usitegemee mtandao wao pekee.

Githongo


Kajiado,
19 Novemba 2025

Mwalimu,

Ninaandika nikiwa bado mjini, kwenye hoteli ya chai karibu na stendi, Florence yuko hapa ananingoja aipitishe kwako leo. Nimeona nisikuweke mpaka Jumanne.

Ukumbi ulijaa. Jirani alikuja na wakili, tena mtu mpole tu, hana ubaya wa kelele. Karani alituita, akachomeka diski. Kabla ya kucheza, mwenyekiti aliuliza swali la kawaida, la kuandikwa kwenye kumbukumbu: "Rekodi hizi zilifanywa na nani? Tunahitaji jina kamili."

Mimi nilikuwa nimesimama mbele. Nilifungua mdomo, nikamwona Yeyo kwenye benchi la kwanza, nikaufunga. Nelson alitazama chini. Mwenyekiti akarudia. Wakili akasema kwa sauti ya chini kwamba ushahidi usio na mwenyewe hauwezi kupokelewa. Nikafikiri, basi, tumebadilisha mfumo, tumepata ufunguo, na tunashindwa hapa kwa neno ambalo nyumba nzima tunalijua.

Yeyo akasimama. Alishika kile kitu cha shanga shingoni akasema kwa Kimaa, na karani akatafsiri: "Mama anasema, mwacheni ajiseme mwenyewe."

Mwenyekiti alimtazama kidogo, akamwashiria karani.

Sikuwa najua, Mwalimu. Zile rekodi tatu nilizofungua Septemba nilizifungua kidogo tu, nikazifunga zilipoanza kutoa sauti, kwa kuogopa. Kumbe kila moja inaanza namna moja. Ilisikika kama anavuta kiti. Akakohoa. Halafu akasema, kwa Kiswahili chake cha taratibu kile alichojifunza kwako: "Mimi ni Tajeu ole Parmuat, wa Mashuuru. Leo ni tarehe nne Machi, elfu mbili kumi na tisa. Niko na mzee anayejua njia ya Enkusero. Kwanza atasema alikozaliwa. Baada ya hapo, atasema njia."

Yeyo hakujifunika uso. Alibaki amesimama mpaka mzee wa kwanza alipomaliza kuhesabu miti na mawe, kutoka boma hadi majini. Walicheza zote kumi na mbili. Mara kumi na mbili alijitaja, na mara kumi na mbili Yeyo alitikisa kichwa, kama mtu anayeitikia salamu.

Kamati itatembea kwenye njia yenyewe Jumatatu, na rekodi mkononi, mti kwa mti. Wakili amekubali seng'enge ikae wazi mpaka hapo. Ng'ombe watapita kesho asubuhi.

Niko na swali la mwisho. Tukitoka ukumbini, Yeyo aliniuliza kama ile mashine inaweza kurudishiwa jina lililokuwa hapo katikati. Akasema: "Ikitaka kumtaja, imtaje. Yeye mwenyewe amejitaja, na sisi tutanyamaza." Inawezekana bila kupoteza chochote?

Soipan


Kitengela,
24 Novemba 2025

Binti yangu,

Inawezekana, na safari hii ni hatua moja. Usitengeneze akaunti mpya, usifute iliyopo. Fungua mipangilio, ingia kwenye akaunti yako, mahali palipoandikwa jina la kuonyeshwa, ondoa lako, uandike lake. Faili hazitaguswa, na ufunguo utabaki ulipo.

Liandike wewe. Huhitaji kulitamka, vidole havina sauti. Mtoto akilisoma, mwacheni asome.

Mwalimu wenu,
Baada ya Hapo